Mifupa ya Bata Mzinga

Arnaudville, Louisiana
Jumapili baada ya Sikukuu ya Shukrani

Kwako kaka Clovis,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Chicago bado haijakumaliza. Sisi huku tu wazima wa mwili. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujanilaani.

Sikukuu tulikula watatu tu: mimi, baba na shangazi Verna. Bata mzinga alibaki karibu nusu, kwa sababu baba bado ananunua mkubwa kama enzi za mama. Shangazi akataka kubeba mifupa akapikie mchuzi wa gumbo kwake. Baba akamwambia mifupa ya nyumba hii haitoki, labda yeye mwenyewe atolewe kwanza. Shangazi akamjibu, "Haya kaa nayo, mzee, ila usije kwangu kuomba bakuli," akajiondokea anacheka.

Kesho yake baba akaichemsha mifupa, akakata vitunguu na hoho, akachanganya unga na mafuta kwenye sufuria ya chuma, akaanza kukoroga. Unamjua baba. Akitajiwa jina lako, huyo, ananyanyuka na kwenda zake bandani. Tangu ulipokosa maziko ya mama anasema ana mtoto mmoja tu, na kabla ya sikukuu aliniambia atabadilisha kufuli kabla ya Krismasi, usije ukajileta. Lakini anayekoroga unga wa gumbo haendi popote, maana akiuacha kidogo tu umeungua. Nikangoja mpaka ukawa na rangi ya karanga. Nikafunga mlango wa jikoni, nikakutaja.

Akaniambia ninyamaze. Sikunyamaza. Akakoroga kwa hasira mpaka mafuta yakamrukia mkononi, akaniita mjinga, akaniambia nitoke. Sikutoka.

Kaka, nisamehe. Uliniapisha, nami nimevunja kiapo. Nilimwambia kwamba siku tunamzika mama wewe ulikuwa umelazwa kwenye nyumba ya kutibu walevi, na kwamba uliona aibu, ukaona afadhali akuchukie kuliko akuonee huruma. Nikamwambia tangu hapo hujagusa pombe.

Mwiko ukasimama. Unga ukawa kahawia, ukawa mweusi, moshi ukajaa jikoni, na baba yetu, ambaye sijawahi kumwona akiunguza unga, akautazama tu. Moto niliuzima mimi. Akaniuliza kama nilijua haya siku ile ile ya maziko. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilijua kila alipokutukana mbele yangu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Na ukaniacha tu."

Akasugua sufuria, akaanza upya, akapika gumbo yote peke yake. Sehemu kubwa ameiweka kwenye friza, na juu ya kifuniko ameandika jina lako. Kufuli hajaigusa.

Mimi hanisemeshi. Nikiingia sebuleni anatoka. Jana nilimpakulia wali, akauacha mezani, akaenda kula kwa shangazi. Nimelia, kaka, sikufichi.

Shangazi Verna anakusalimu sana na anasema unenepe kidogo. Njoo Krismasi, baba anakungoja. Ukishakaa naye vizuri, ukaona amecheka, naomba unisemee.

Mdogo wako,
Odile