Simu Isiyo na Waya

Dar es Salaam, 5 Machi 1997

Mama, shikamoo. Sisi huku wazima, ila Baba. Atapasuliwa Jumatano, tarehe 19. Akiamka anarudia siku ile uliyokataa kutoka chumbani kumuaga, kwa kuwa alikuficha ugonjwa. Anataka myamalize kabla hajapasuliwa. Jumanne saa kumi jioni nesi ataturuhusu kutumia simu ya ofisini, tutakupigia. Kwa ajili ya goti lako nimempa kondakta wa basi la Singida simu isiyo na waya, usihangaike kukimbilia sebuleni. Ichomeke kwenye umeme.

Mwanao,
Abdulhamidi

Singida, 10 Machi 1997

Mwanangu, marahaba. Mimi sijambo, goti ndilo lilelile. Simu imefika, dada yako Radhia ameiunga. Ile ya kuzungusha nimeitia sandukuni. Hii natembea nayo mpaka jikoni, najiona mke wa mkurugenzi.

Hasira zilikwisha siku ileile, basi lililomchukua halijafika hata Manyoni. Lakini usimwambie baba yako. Nataka ayasikie kwangu mwenyewe.

Mama yako

Singida, 19 Machi 1997

Mwanangu, hamjambo? Anaendeleaje? Jana mgao wa umeme ulitushika saa nane mchana mpaka baada ya isha. Nilikaa na simu mapajani tangu alasiri, haikuita. Nikasema mmechelewa.

Leo Antipasi, fundi simu, kaniambia aina hii bila umeme haiiti, ingawa kwenu mnaisikia ikiita. Ya zamani inakula umeme wa waya wa simu wenyewe, ingeita hata gizani. Nimeirudisha. Nimekaa karibu yake.

Mama yako

Singida, 27 Aprili 1997

Mwanangu, salaam. Eda inakwenda. Simu inaita kutwa, watu wananipa pole, naitikia. Silii, sijui kwa nini. Chakula nakila, sioni ladha.

Msibani watu walikuwa wengi, sikukuuliza. Siku ile sikupokea simu, baba yako alisema nini? Niandikie, usinipigie.

Mama yako

Dar es Salaam, 6 Mei 1997

Mama, shikamoo. Natumaini goti limepoa.

Tulipiga mara sita. Iliita vizuri kila mara. Mara ya sita aliweka mkono wa simu chini mwenyewe, akaniambia, "Mwache. Bado ana hasira."

Barua yako nilikuwa nayo mfukoni. Ulinikataza, nami nikadhani mtaongea akishapona. Nikamrudisha wodini, barua sikumsomea.

Mwanao,
Abdulhamidi