Nilifupisha Ngano ya Baba Mkwe

Shangazi mshauri, nisaidie, nina siri nzito. Nimeolewa kwa wakulima wa ngano, na baba mkwe anajivunia ngano ndefu, ila kila mwaka upepo wa mvua ukija inalala chini na kuoza, basi safari hii nikasikia kwenye mafunzo ya afisa kilimo kwamba kuna dawa ya kufupisha mashina yawe manene yasilale, na kwa kuwa kazi ya kupiga dawa ni yangu, nikapulizia nusu ya shamba bila kumwambia mtu, hata mume wangu. Ngano ya nusu hiyo ikafika kiunoni ikagoma kurefuka. Baba mkwe akasema mbegu ya upande ule ni mbovu, akamfukuza shambani shemeji yangu aliyeichagua, na tangu hapo hawasemeshani, nami nawapakulia chakula meza moja. Halafu upepo ukaja, ndefu ikalala yote, fupi ikasimama wima, na tulipovuna nusu yangu ilitoa magunia arobaini na moja, ile nyingine ishirini na sita. Sasa mzee anatamba kwamba ni udongo wa upande ule, na shemeji bado hajaitwa arudi shambani. Nikisema nitaonekana mjuaji, nikinyamaza nafsi inanisuta. Nifanyeje?

Mke wa Mkulima

Mke wa Mkulima, pole, na hongera kwa magunia. Lakini tusidanganyane. Dawa ilifanya kazi yake. Aliyekosea ni wewe uliyemwacha shemeji abebe lawama huku ukimwongezea mchuzi. Hapo umenikera.

Nimemuuliza afisa kilimo mmoja. Anasema dawa hiyo ina wakati wake na kipimo chake, na mwaka wa ukame inaweza hata kupunguza mavuno. Sasa mzee akiendelea kusifu udongo, mwakani utapulizia tena kwa kujificha?

Mwambie mumeo leo. Kisha mwende kwa mzee, shemeji akiwepo. Beba kopo la dawa na mashina mawili, moja la kila upande, uyapasue ajionee unene. Mwambie, "Baba, mbegu ilikuwa nzuri. Ni mimi niliyeifupisha." Atafoka, mwache afoke. Akipoa, mwombe mwakani mjaribu tena vipande viwili vya shamba, chenye dawa na kisicho nayo, kila mtu akijua kipi ni kipi, na shemeji ndiye apime mavuno.

Ila mkishafika, kabla ya kumweleza mzee lolote, mgeukie shemeji umwombe radhi. Usijieleze sana. Omba, kisha nyamaza umsikilize.