Siku ya Kumi na Mbili

Baba Neema,

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na sijalia kama watu walivyotarajia. Nafundisha, narudi nyumbani Rahaleo, napika, nalala. Nakuandikia kwa sababu wiki tatu zilizopita muuguzi alinipima, akaniambia nami nina kisukari. Niliikunja ile karatasi nikaitia mkobani, nikaenda kununua mchicha.

Wewe ulipopewa karatasi yako, jioni ileile ulimwaga sukari yote ya nyumbani. Ukanunua raba, ukaapa kutembea kila alfajiri hadi Ufukoni kabla ya kwenda kazini bandarini. Siku kumi na moja hukukosa hata moja. Kila siku uliniambia ni ya ngapi.

Siku ya kumi na mbili tulikwenda kwenye harusi ya binti wa rafiki yako, kule Kilambo. Ulikula pilau sahani mbili, ukashushia na soda. Nami, mbele ya watu, nikasema, "Si ulisema umeacha?" Wakacheka. Nawe ulicheka.

Tulipokuwa njiani kurudi ukasema, "Nimeshaharibu, Mama Neema. Basi tena."

Kesho yake hukuamka kutembea. Baada ya wiki hata vidonge uliviacha kabatini. Nilikaa kimya, nikidhani utaanza upya Jumatatu. Jumatatu zikapita nyingi, mpaka kidonda cha mguu kikakulaza, na hukuinuka tena.

Lile neno langu la harusini ninalo. Haliumi. Lipo tu.

Siku ile ya kupimwa nilimwambia muuguzi, "Mimi nikianza kitu nikakosa siku moja, naacha."

Akaniuliza, "Mwalimu, mtoto akikosa hesabu moja, unamfukuza shule?"

Nilitamani ungekuwepo umsikie.

Sasa natembea. Siku nyingine nafika baharini, siku nyingine naishia dukani kwenye kona. Jumapili, baada ya ibada, nilikunywa kwa jirani vikombe viwili vya chai ya sukari, na andazi juu yake. Nikajisemea, nimeshaharibu. Kisha nikarudi nyumbani, nikameza kidonge cha jioni. Sikuona fahari wala majuto. Asubuhi nikatembea kidogo.

Binti yetu hupiga simu kuniuliza hali. Namjibu, "Naendelea." Sina neno jingine, na kwa sasa hilo linatosha.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Neema