Neno Lisiporudishwa

Jumatatu, 4 Julai 1977

Nasirumbi,

Baridi ya Nanyuki imerudi. Leo nimewasha moto kwenye meko ya ukutani, yale waliyoacha wanajeshi wa Kiingereza, nikafukia viazi vitamu majivuni kama ulivyozoea. Vimeungua! Ulisema Mzungu alijenga meko akasahau chakula.

Tangu tukuzike, mke wangu, nyumba haijibu. Nikitoka kwenda mnarani kuongoza ndege bado nasema, "Funga dirisha." Nangoja, "Nafunga dirisha, afande!" Ulikuwa unanicheka — kwa sababu kazini rubani lazima arudie kila ninachomwambia. Neno lisiporudishwa halijapokelewa.

Jumatano, 6 Julai

Wachuka, mke wa rubani Ngatia wa nyumba ya pili, ameushika mchezo wako. Nilimwomba chumvi uani. "Naleta chumvi, afande!" Ngatia akamwambia, angalia, mzee huyu atakuandikisha jeshi. Nikacheka! Mara ya kwanza.

Ngatia yuko safarini kesho, Nairobi. Kurudi Ijumaa.

Ijumaa, 8 Julai

Mawingu yameshuka hadi kwenye miti.

Alasiri Ngatia aliita kwa redio, yuko juu ya Sagana, anakuja. Nikamwambia: usije, mlima umefunikwa, rudi Nairobi.

"Rudi—" akaanza kurudia.

Redio ikakoroma. Nikaita. Nikaita tena. Nairobi hajafika. Polisi wa Nyeri hawajasikia kitu. Popote alipo, mafuta yamekwisha.

Mkubwa wangu wa kazi akasema atamwambia Wachuka yeye mwenyewe, kesho asubuhi. Mimi niende nyumbani, nifunge mdomo.

Wachuka alikuwa uani, amevaa sweta ya Ngatia.

"Baba Khavere, ati ndege zimezuiwa na hii ukungu?"

Nikasema ukungu ni mwingi.

"Haya, ukimpata kwa redio mwambie akuje nyumbani straight, asipitie mesi kukaa na wenzake. Irio iko kwa moto."

Nasirumbi, mdomo ulijifungua wenyewe. Mazoea!

"Aje nyumbani, asipitie mesi, irio iko motoni."

Akanipigia saluti kwa mwiko, akaingia ndani ametulia. Nimerudisha neno — basi kwake nimepokea, nitalifikisha.

Naona moshi wa jiko lake. Sasa mlango wake umefunguka. Anakuja. Anabisha.

"Mzee! Amejibu?"

Sijainuka. Amri ni amri. Lakini ni Wachuka.

Huko uliko, mama, nikumbuke.