Kiti Kitupu cha Dakika Nzima

Si unajua mtaa huu hauna fundi wa projekta kama mimi? Haya, nicheke.

Leo ukumbini tumeonyesha filamu fupi za vijana wa jamii za asili. Ya tatu ikaleta kiti kitupu. Dakika nzima, kiti tu! Nikajua imekwama, nikairusha mbele hadi mwisho.

NIKAIRUSHA, ndugu yangu!

Halafu nikashika maikrofoni, mdomo huu: "Ile ya kiti imenitoa machozi."

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasimama taratibu.

"Mjukuu wangu, mimi ndiye ninayekuja kukaa kwenye kile kiti na kuimba. Nimesafiri siku mbili nije nijione, sijajiona. Sasa wewe machozi yalikutoka wapi?"