Kerubo Anatumwa

Jumatatu, 3 Juni 1974
Mwanangu Kerubo amevaa kikapu changu cha kuchumia chai kichwani sasa hivi tu. Akagonga ukuta, akaanguka, akacheka. Akavaa tena. Akagonga tena. Nimecheka mpaka machozi. Ana miaka mitano na maneno yake hayajai kiganja. Tangu ile homa ya degedege amebaki nyuma. Wenzake wanaimba nyimbo za Sabato, yeye anapiga makofi tu. Lakini anayapiga vizuri!

Jumatano, 5 Juni
Watu wa utafiti wako Ikonge. Wanapima watoto wanaochelewa akili na kutafuta sababu. Ijumaa wanakuja kwetu. Nataka kujua jambo moja tu: Januari, je, Kerubo ataenda shule na wenzake? Mume wangu Ombati anasema ataenda. Mama mkwe anasema abaki achunge kuku.

Jioni nzima mama mkwe amemfundisha kukaa mbele ya mgeni. Macho chini. Mdomo umefungwa. Mikono mapajani. Ameshika haraka! Tumefurahi.

Ijumaa, 7 Juni
Daktari wao ni mwanamke kijana, mpole, wa Nairobi. Akauliza kama Kerubo alilia alipozaliwa, homa ilikaa muda gani, alikuwa akila nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huuliza tu nilimkosea nani.

Kisha akatoa picha. Ng'ombe ni yupi? Mkalimani akarudia kwa Ekegusii, lugha yetu. Macho chini. Pua yako iko wapi? Kimya. Mikono mapajani. Mama mkwe mlangoni anatabasamu, anajivunia mjukuu. Daktari akasema taratibu, huenda mtoto haelewi anachoambiwa.

Nimelia jikoni.

Jumamosi, 8 Juni
Sabato. Baada ya ibada mzee wa kanisa alisalimia watoto. Wote macho chini. Wote kimya. Hata yule wa mwalimu, anayejua kusoma! Wangepimwa na daktari wangeanguka wote. Nikacheka kwa sauti, Ombati akanifinya. Sikujali.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeenda Ikonge kwa miguu. Nikamwambia daktari. Kwetu mtoto akimkodolea mkubwa macho anakemewa. Akili yake tunaijua kwa kumtuma. Daktari akaweka kalamu chini, akacheka.
"Basi, mama Kerubo, kesho tumtume."

Jumanne, 11 Juni
Daktari alikaa nyuma ya ghala la mahindi, mtoto asimwone. Mama mkwe akamwita Kerubo. Nenda kwa shangazi, lete ungo mdogo, si ule mkubwa, na umwambie aje.

Kerubo akasimama. Akaenda. Akasimama tena kutazama kuku. Nikajua tumekwisha. Akapotea kwenye migomba.

Akarudi na ungo. Mdogo! Na shangazi nyuma, anavutwa nguo, kwa sababu maneno hayakutoka.
"Huyu mtoto atanivua mbele ya wageni!" shangazi akalalamika.
Mama mkwe akapiga vigelegele. "Daktari! Andika na hiyo!"

Daktari hakunidanganya. Akili ya Kerubo inachelewa kweli, na huenda ni ile homa. Si laana. Si mimi. Lakini anaelewa na anakumbuka. Aende shule. Tumtume kila siku, tuongee naye. Huenda akarudia darasa. Arudie! Hata mara ngapi, arudie.

Usiku huu mama mkwe ndiye aliyeuliza sare inashonwa wapi.

Alhamisi, 13 Juni
Mvua imepita, majani ya chai yanang'aa. Nyumba imetulia. Mama mkwe sasa anamtuma Kerubo mpaka chumvi tuliyo nayo. Jana alienda kuiomba kwa shangazi mara mbili, akarudi akijiona mkubwa.

Nimekaa mlangoni, sina haraka. Nafikiria Januari, kichwa chake kidogo kati ya wenzake. Huyu hapa anakuja, naona ametumwa aniite. Amefika. Ananivuta leso, mdomo unafunguka, unafungwa, unafunguka tena. "Mama." Amesema! Amesema mama njoo! Nakuja, mwanangu, ngoja kidogo niandike kwamba leo wewe—