Nimeiunguza Morris ya Baba Mkwe

Mpendwa Bi Menna, nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri nikiwa sina pengine pa kukimbilia, naomba unisaidie. Mimi ni fundi bomba hapa mjini Tregaron, na mke wangu Mererid aliachiwa na marehemu baba yake Morris ya mwaka 1961, gari ambalo mzee alilipiga polishi kila Jumamosi mpaka alipofariki, ila kila mlima tulipitwa na matrekta, basi nikapata supachaja, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, imetolewa kwenye gari bovu, nikaifunga mwenyewe kwa vyuma vya kitanda cha zamani, boneti ikakataa kufunga nikaitoboa tundu, na Mererid aliponiuliza nikamwambia ni la kupoza injini. Jumapili tukienda kanisani gari likapanda mlima kama limefukuzwa, mke wangu akacheka, miaka mingi sijamsikia akicheka vile, halafu pistoni ikayeyuka, moshi ukatufunika, na tuliposhuka akalishika lile tundu akasema, “Emlyn, ungemfanyia hivi Baba akiwa hai?” Tangu hapo ananipakulia supu bila neno. Sasa nimeona pampu nyingine, kubwa zaidi, bei poa. Ninunue nimfurahishe tena?

Emlyn

Emlyn, pole, lakini umenichosha. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta ni wapi uliipima injini kabla ya kuibebesha mzigo, sikupaona. Uliongeza petroli ilingane na hewa hiyo? Hewa nyingi na petroli haba, moto unakuwa mkali mpaka pistoni inaliwa. Fundi yeyote wa injini angekuambia bure. Na breki je? Ni zilezile za mwaka 1961. Shukuru injini ilikufa mkiwa mnapanda, kwenye mteremko mngezikwa.

Halafu ukamdanganya mwenye gari. Mererid alicheka, sikatai, na huenda hata yeye anaipenda hiyo kasi. Lakini gari ni lake na hukumuuliza.

Basi sikiliza. Pampu kubwa usinunue. Leo hii, kabla hajapakua chakula, mwambie ulichofanya na kwamba ulimdanganya, wala usijitetee. Injini mpe fundi wa injini, wewe rudi kwenye mabomba yako. Tafuta boneti nyingine, na ile ya mzee usiitupe mpaka Mererid aseme. Breki zitengenezwe kwanza. Baada ya hapo ndipo umuulize kama anataka supachaja, na akisema hapana, usimuulize mara ya pili.